Vidole vya Kiazi Kitamu

Cheche alikiponda kiazi kitamu kwa uma mpaka hakikubaki na uzi hata mmoja. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mikate ya siku ilikwisha toka, magari ya kusambaza yalikwisha ondoka, na tanuri lilikuwa limeanza kupoa. Hiyo ndiyo saa pekee ambayo mwenye kiwanda alimruhusu kulitumia kwa mambo yake. Na jambo lake la siku hiyo lilikuwa zito kuliko mikate yote aliyooka kwa miaka tisa.

Alichanganya kiazi na ndizi mbivu, kiini cha yai na unga laini wa shayiri. Akaukata mchanganyiko vipande virefu kama kidole chake cha kati, akavipanga kwenye sinia. Sukari hakutia, chumvi hakutia. Vilipotoka tanurini alikiminya kimoja kwa vidole viwili. Kikabonyea bila ubishi. Vizuri. Mtoto wa miezi kumi hana meno ya kusumbuana na chakula. Anakiponda kwa ufizi na kukisukuma kwa ulimi.

Mzee Hamira, mkandaji unga aliyekuwa kiwandani tangu Cheche hajajua kufunga viatu, alipita akifuta mikono kwenye aproni. Akasimama. Akainama kama daktari juu ya mgonjwa.

"Hivi ni nini, Cheche?"

"Vidole."

"Vya nani? Vya marehemu?"

Wafungashaji waliokuwa wanafagia upande wa pili wakaangua kicheko.

"Vya binti yangu," Cheche alisema. "Anajifunza kula mwenyewe. Anashika huku chini, huku juu panachomoza, anatia mdomoni. Havitakiwi kuwa vigumu. Ganda gumu linamkaba."

"Nimekuelewa, mwanangu. Lakini mbona vina rangi ya mtu aliyelazwa wiki tatu? Wewe? Wewe ambaye watu wanauliza dukani, mkate huu kaoka Cheche au kaoka mwingine?" Mzee akatikisa kichwa. "Haya, peleka. Ila ukiulizwa, usiseme vimetoka humu. Sema umeviokota."

Kicheko kingine. Cheche naye alijaribu kucheka, lakini neno lilikwisha mwingia. Alivitazama vile vidole vilivyopauka, vimelala kwenye sinia kama vimekata tamaa, akaona aibu. Leo hakuwa anampelekea mtoto chakula tu. Leo alikuwa anakwenda kujieleza yeye ni nani, na hakuwa na mdomo wa kujieleza. Alikuwa na mikono.

Hapo kiwandani walimwita Cheche kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuwaka na mwepesi wa kuzimika. Zamani lilikuwa jina la utani. Kisha ikaja siku ile, miezi mitano iliyopita, alipogombana na mkewe juu ya jambo ambalo sasa hata halikumbuki vizuri, akarusha sinia la kuokea. Halikumpiga mtu. Liligonga ukuta juu ya kitanda cha mtoto, likabandua plasta. Kama lingeshuka shibri moja... Hiyo sentensi Cheche hajawahi kuimaliza, hata peke yake. Kesho yake mkewe alifunga nguo zake na za mtoto, akarudi kwa mama yake.

Kwa wiki tano sasa alikuwa anamwona binti yake kwa saa moja kila Alhamisi, katika ofisi ya ustawi wa jamii, mbele ya afisa. Mkewe hakutaka kuonana naye. Mtoto aliletwa na mama mkwe. Walipewa Alhamisi sita. Baada ya Alhamisi ya sita, afisa ataandika kama baba anafaa kukaa na mtoto nyumbani kwake siku za Jumapili, au hafai. Tano zilikwisha pita salama, na leo ilikuwa ya sita. Ya tano afisa alimuuliza, "Sasa baba, akija kwako Jumapili, atakula nini?" Cheche akajibu, "Nitakuonyesha."

Ndipo akaenda kliniki ya jirani kumuuliza nesi. Foleni ya akina mama ilikuwa imefika mlangoni, lakini nesi alimwonea huruma mwanamume yule peke yake katikati ya vichanga, akamwandikia mistari minne kwenye karatasi. Laini. Kirefu kupita ngumi ya mtoto. Bila sukari. Bila chumvi.

"Halafu kaka, kuna vitu vya kuepuka kabisa mpaka atimize mwaka," nesi alisema. "Subiri nimalize na huyu, nikutajie."

"Dada, mimi ni mwokaji. Mwaka wa tisa huu," alijibu, akaikunja karatasi. Na akaondoka kifua mbele.

Sasa alisimama mbele ya sinia, na kejeli ya Mzee Hamira ilikuwa inamtekenya mgongoni kama nywele za kinyozi. Akafungua kabati. Ndani kulikuwa na kopo la asali ya kupaka mikate mitamu. Asali si sukari, alijiambia. Asali wanapewa wagonjwa. Asali inatoka kwenye maua. Akachukua brashi, akavipaka kimoja kimoja, akavirudisha tanurini kwa dakika mbili tu, ganda lisije likakaza.

Vilitoka vinang'aa. Rangi ya dhahabu, kingo zimeiva, harufu imejaa ukumbi mzima.

"Enhe!" Mzee Hamira alipiga kofi pajani. "Sasa hapo umeongea! Hivyo hata mimi nitapokea, na meno ninayo."

Cheche alivipanga kwenye kopo la bati juu ya karatasi safi. Kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke, alitembea barabarani akipiga mluzi.

Chumba cha kuonana kilikuwa ghorofa ya pili. Kulikuwa na mkeka wa plastiki wenye picha za wanyama, viti vinne, gari la kuchezea lililobaki na magurudumu matatu, na saa ya ukutani ambayo Cheche aliichukia kuliko askari. Afisa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikaa pembeni na faili lake. Mama mkwe alikuwa keshafika. Alikuwa amempakata mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu, macho kwenye saa.

"Bosi!" Cheche alipiga magoti kwenye mkeka. "Bosi wangu, leo umekujaje? Umekuja na gari au umebebwa na wafanyakazi wako?"

Mtoto akacheka. Alikuwa na jino moja na nusu, na alicheka na yote. Alhamisi ya kwanza alimlilia kama mgeni; ya tatu alikubali kubebwa; ya tano alimshika pua. Sasa alinyoosha mikono mwenyewe. Mama mkwe alisita kidogo, kisha akamwachia. Cheche akamkalisha mkekani mbele yake.

"Vipi kula?" afisa aliuliza.

"Kula!" Mama mkwe alikohoa. "Huyu ni malkia. Ukimwekea kitu mbele anakitazama kama hakimhusu. Anafungua mdomo tu, aah, mtu amtilie. Kijiko kikichelewa anagomba. Mama yake amejaribu karoti, amejaribu boga, amejaribu mkate. Anaviponda, anavitupa, anasubiri watumishi."

"Leo tutaona," Cheche alisema, akafungua kopo.

Harufu ikatoka. Hata mama mkwe aligeuza kichwa.

"Jamani," afisa alisema. "Hivi umeoka wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akaweka kimoja kwenye kisahani mbele ya mtoto. Hakumshikisha. Hakumwambia kitu. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe. Mtoto alikitazama kile kidole. Akakigusa. Vidole vyake vikanata, akavitazama kwa mshangao. Akakishika, kikamponyoka. Cheche alitaka kumwokotea, akajizuia. Mtoto akakishika tena, safari hii kwa ngumi nzima, na nusu ya juu ikachomoza vile vile kama ilivyotakiwa.

"Eh!" Mama mkwe alisogea mbele kwenye kiti. "Ameshika! Tazama, ameshika!"

Afisa alikuwa anatabasamu, kalamu mkononi. Aliandika kitu, na Cheche, aliyejifunza kusoma uso wake kwa Alhamisi sita, alijua ni kitu chema. Jumapili ilikuwa pale chumbani. Aliiona.

"Umepaka nini juu, baba?" afisa aliuliza, akiendelea kuandika. "Mbona vinang'aa hivi?"

"Asali," Cheche alisema, kidevu juu. "Asali safi, haijachanganywa na kitu."

Kalamu ikasimama.

"Asali? Baba, huyu si ana miezi kumi?"

"Kumi na wiki moja."

"Mtoto hapewi asali mpaka atimize mwaka! Hata iliyookwa. Inaweza kuwa na vijidudu, vinamlegeza mwili mpaka anashindwa kupumua. Mzuie, asi..."

Mtoto alikuwa amekiinua. Mkono ulikuwa unayumba, lakini ulijua unakokwenda. Mdomo ulikwisha funguka, na macho yake yalikuwa kwa baba yake, kama anayemwambia, tazama.

Cheche hakufikiri. Mkono wake ulimtoka.

Pa!

Kile kidole kiliruka, kikagonga mguu wa kiti, kikapasuka. Mtoto alitazama mkono wake mtupu. Aliutazama muda mrefu kupita kiasi, kama hajui ni wa nani. Kisha uso ukakunjamana, na kilio kilipotoka kilikuwa kile cha mtoto anayekosa pumzi kwanza. Cheche alinyoosha mikono kumchukua. Mtoto akapiga yowe, akajirusha nyuma, akatambaa kuelekea kwa bibi yake.

Mama mkwe alimwinua. Hakugomba. Cheche angependa agombe.

"Ndio mkono wenyewe huo," alimwambia afisa, polepole, kama anayeonyesha njia. "Ndio niliokuwa nakusimulia."

"Nilikuwa namwokoa!" Cheche alisema, sauti ikapanda kabla hajaikamata. "Mmeona wote! Nimeambiwa nimzuie, nimemzuia! Ningekaa nimtazame ale sumu?"

"Shusha sauti, baba."

"Nimeshusha!"

Hakuwa ameshusha. Alisikia mwenyewe jinsi kuta zilivyomrudishia.

Afisa alilowesha kitambaa, akampangusa mtoto vidole kimoja kimoja, akaangalia ndani ya mdomo. Hapakuwa na kitu. Nyuma ya kile kiganja kidogo palikuwa na wekundu. Alirudi kitini, akavua miwani.

"Najua ulikuwa unamwokoa," alisema. "Nimeona. Lakini, baba, kilikuwa mkononi mwake. Uko mbele yake, hatua hakuna. Ungekichukua tu."

Cheche aliutazama mkono wake. Ungekichukua tu. Mtu yeyote angekichukua. Fundi viatu, karani, mlevi anayepita barabarani, mkono wao ungekwenda na kuchukua. Wa kwake ulikwenda na kupiga.

Afisa aliandika mistari miwili, akaisoma kwa sauti, maana ndivyo kazi ilivyotaka. Baba ameleta chakula kisichofaa kwa umri wa mtoto. Baba amempiga mtoto mkononi.

"Jumapili hazitawezekana," aliongeza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mbaya. "Na haya ya Alhamisi tutayasimamisha kwanza. Baada ya miezi sita utaomba upya."

"Miezi sita," Cheche alirudia. Alhamisi sita ndizo zilizomtoa mtoto kwenye kumlilia mpaka kumshika pua. Miezi sita ingemrudisha wapi?

"Hapa chini kuna nafasi ya maelezo ya baba. Unaweza kuandika kama hukubaliani."

Alimpa kalamu. Cheche aliitazama ile mistari miwili akitafuta uongo ndani yake. Alitamani kuwe na uongo hata wa herufi moja, angepambana nao mpaka ngazi ya mwisho, kwa sauti, kwa meza kupigwa, angewaamsha wakubwa wote wa jengo lile. Akasoma mara ya pili, na ya tatu. Kisha akaandika, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto: Ni kweli. Akatia sahihi.

Mama mkwe alikwisha toka na mtoto. Cheche alifunika kopo, akalifungua tena, akalimwaga lote kwenye pipa la takataka pembeni mwa mlango, akashuka ngazi.

Walikuwa kwenye benchi la chini, karibu na geti, wakisubiri kuja kuchukuliwa. Mtoto alikuwa amenyamaza. Alikuwa na kwikwi tu. Bibi alikuwa amemkunjulia kitambaa chenye vipande vya boga lililochemshwa, visivyong'aa wala kuwa na ganda, na mkono wake mwingine umeshika simu sikioni.

"Mwenyewe!" alikuwa anasema. "Nakwambia kwa mkono wake mwenyewe! Ameshika, ametia mdomoni, anatafuna. Hiki cha tatu... Hapana, hakufundishwa na mtu. Ameanza tu."

Kutoka kwenye simu Cheche alisikia mkewe akipiga vigelegele. Alikuwa hajasikia furaha ya mkewe kwa miezi mitano. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho mpaka ilipokwisha.

Njia ya kutokea ilikuwa hiyo moja tu, mbele ya benchi. Akapita taratibu, mikono ameitia mfukoni, akijifanya mtu asiyemjua mtu. Mtoto alikuwa na kipande cha nne mkononi, kinaelekea mdomoni. Akamwona. Mkono ukasimama hewani. Akakishusha kile kipande upesi, akakibana kifuani kwa mikono miwili, akageukia ndani kwa bibi yake, na hakukila mpaka baba yake alipotoka getini.