Tangawizi ya Mzazi

Mama mkwe wake alikuwa mtu wa tangawizi. Ukipiga chafya mbele yake umekwisha: atakumenyea, atakutwangia, atakuchemshia, na utakunywa huku amekukodolea macho. Mafua aliyatibu kwa tangawizi na asali, gesi ya tumbo kwa tangawizi na chumvi kidogo, na magoti yake mwenyewe aliyachua kwa tangawizi iliyopondwa kwenye mafuta ya moto. Hakukuwa na kitu kisichotibika kwayo isipokuwa uvivu, na hata huo, alisema, ni kwa sababu wavivu hawamalizi kikombe.

Basi mkaza mwana wake aliposhika mimba, baada ya miaka ya kungoja na kusengenywa, kichefuchefu kikamwandama asubuhi hadi jioni, bibi yule alijifunga kibwebwe. Alimkatia vipande vyembamba, akavifunga kwenye karatasi.

"Kimoja shavuni, mwanangu. Usitafune, nyonya tu."

Mkaza mwana huyo alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya mapazia, na wenzake walishambandika jina la Mama Kijacho. Alishona na tangawizi shavuni, ndoo miguuni, akitapika kati ya pindo moja na jingine, na ukweli wa Mungu alikuwa na furaha hajapata kuwa nayo. Kila alipoinamia ndoo aliona ni mtoto anabisha hodi.

Asubuhi moja aliamka mzima. Alikunywa chai, akala mayai, akaongeza. Mama mkwe alipiga vigelegele jikoni, mwiko mkononi.

"Si niliwaambia? Tangawizi haijaniangusha hata siku moja!"

Mumewe alicheka, akamwita mama yake daktari bingwa. Kule karakana walitaka kujua tangawizi hiyo inauzwa wapi. Naye siku hiyo alicheka nao, akashona pazia refu la harusi bila kusimama.

Kesho yake hakucheka. Tumbo lilikuwa kimya, na ukimya ule haukumkaa sawa. Alivitupa vipande vyote vya tangawizi kwenye mtaro wa maji machafu, akamwomba Mungu amrudishie kichefuchefu chake. Akaanza kukitafuta mwenyewe. Alinusa mafuta ya cherehani, ambayo siku chache nyuma yalikuwa yakimpindua utumbo. Alisimama dirishani kwa jirani anayekaanga vitunguu. Aliinamia ndoo yake, akafumba macho, akangoja.

"Mama Kijacho," aliita mwenzake wa cherehani ya pili, "unatafuta nini humo? Umeangusha sindano?"

"Nimeangusha," alijibu.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama mkwe ameanika sinia zima la tangawizi uani. Alikuwa akiikausha ili aisage unga, autie kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana.

"Hii ya siku yako," alisema bibi, akigeuza vipande kimoja kimoja. "Mzazi akishajifungua lazima tumbo lipate moto, lisafike. Mimi nilipomzaa huyo mumeo nilikunywa hii mpaka jasho likanitoka puani."

Alishindwa kumwambia hofu yake. Alimwambia mumewe, na mumewe akataka kulifanya jambo la mzaha. "Wewe nawe! Ukitapika unalia, usipotapika unalia." Kisha akamtazama usoni, akachukua koti lake, wakaenda hospitali.

Mpimaji wa kike alimpaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kifaa chake huku, akarudi kule. Mwanzo alikuwa akizungumza. Halafu akakigeuza kioo upande wake peke yake.

"Dada," alimwuliza taratibu, "ulianza lini kujisikia nafuu?"

Hapo akajua. Mengine yote, mapigo ya moyo yasiyoonekana, karatasi, daktari, kitanda cha wodini, aliyasikia kwa mbali. Neno moja tu alilishika, siku ya kuruhusiwa, mama mkwe alipouliza kwa sauti ndogo kama ni yeye aliyeua kwa dawa zake.

"Hapana, bibi," daktari alisema. "Tangawizi yako haikufanya chochote."

Bibi alishukuru. Lakini nyumbani alizunguka jikoni kama mgeni asiyejua vikombe viko wapi. Mwishowe alilitoa kopo la bati, akakivuta kifuniko mpaka kikatoka. Unga ulikuwa bado haujaguswa.

Alimletea kitandani, kikombe kikifuka moshi.

"Mama, hiyo si ya mzazi?"

"Ni ya mzazi," alisema bibi. "Kunywa, mwanangu. Tumbo lazima lisafike. Mimi sijui kingine cha kukupa. Sikijui."

Alikunywa. Iliwasha ulimi, ikawasha koo, ikashuka inachoma hadi chini kabisa. Aliinama ukingoni mwa kitanda, kwa mazoea, akaitafuta ndoo kwa mguu. Alitamani itoke. Alitamani hata mara moja tu.

Haikutoka. Tumbo liliipokea, likatulia.