Muhuri wa Wiki Mbili

"Wiki mbili tu, Mwalimu Tunu." Ndivyo alivyoniambia Bazilio, mwalimu mkuu wetu, mwaka 2012, akinikabidhi muhuri wa shule uliofungwa kwenye leso. Akapanda bodaboda kwenda kuripoti Kakonko, wilaya mpya. Hajarudi. Wiki mbili gani hizo za miaka mitatu?

Nikabaki kaimu mkuu, na mwalimu peke yangu. Mume wangu Badru na binti yetu Asmahani wako Kasulu. Kila nikiandika barua ya kuomba uhamisho niende kwao, wilayani wananiuliza: imepitishwa na mkuu wako? Si mkuu ndiye mimi! Basi huwezi kujipitishia, wananijibu, subiri upate mwenzako. Desemba nilipofika nyumbani, Asmahani, mtoto wa miaka minne, alinipa mkono kwa adabu. "Shikamoo, mwalimu." Badru alicheka. Mimi nilienda uani nikalia.

Julai hii wakaniletea mwalimu mwenzangu, Melkiadi. Nilimkarimu jamani! Nilimpikia maharage, hata mwandiko wake wa kuku nikausifu. Jumatatu nikamwandikia barua ya ukaimu, nikamkabidhi muhuri.

"Wiki mbili tu," nikamwambia, macho yangu dirishani.

Akaigonga barua yangu ya uhamisho bila kuuliza. Halafu akatoa ya kwake mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Na hii, Mwalimu, nani atanipitishia?"

Mkewe Kezia alijifungulia Kakonko. Mtoto ana mwezi na nusu, hajamwona. Alikuwa akivizia siku nzuri ya kuniomba.

Nilikasirika, sifichi. Wilaya haitaondoa walimu wawili iache shule tupu, na mimi nilikuwa nimetangulia. Mdomo ulishafunguka nimwambie asubiri kidogo, nikaisikia sauti ya Bazilio inakuja kooni mwangu.

Nikamnyang'anya muhuri. Barua ya ukaimu nikaichana, yangu ya uhamisho nikaitia chini ya boksi la chaki. Ya kwake nikaigonga mpaka meza ikatikisika.

"Nenda kabla sijajuta," nikamwambia. Akataka kunishukuru, nikamwonyesha mlango.

Nilijuta hata bodaboda iliyombeba haijafika barabarani. Lakini kipindi kilikuwa kimeshaanza, nikachukua chaki nikaingia darasa la kwanza. Watoto wote wakasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikawajibu. "Kaeni."