Mama Anahesabiwa Pumzi

...na akaanza tena kutoka moja, kwa sababu Mama alikuwa ameongea, na mtu akiongea hesabu inaharibika, muuguzi alishalisema hilo kwa upole, macho kwenye saa yake ya mkononi, "Mama, ukae tu kimya, nahesabu pumzi dakika nzima," na Mama, ambaye tangu Kitinda amjue hajawahi kukaa kimya dakika nzima, akamjibu, "Mwanangu, pumzi ni zangu, ungeniuliza tu ningekutajia," muuguzi akacheka, hesabu ikapotea, sasa moja, mbili, tatu, kifua cha Mama kinapanda na kushuka chini ya gauni la maua, haraka kuliko inavyopasa, hata asiye na saa anaona, na Kitinda, mtoto wake wa mwisho, aliyeketi kwenye benchi la ukutani na mkoba mapajani, anautazama mkoba badala ya kukitazama kifua, kwa sababu ndani ya mkoba, kwenye kile kimfuko cha zipu, vimo vidonge kumi na viwili ambavyo kadi iliyo pale mezani inasema Mama alivimeza.

Dozi alimaliza? Yule dada wa mapokezi aliuliza hivyo bila kuinua kichwa, na Kitinda akajibu, alimaliza, upesi, kama mtu anavyojibu salama akiulizwa habari za nyumbani hata kama nyumbani kunawaka moto, neno likatoka lenyewe, kalamu ikalipokea, Mama akageuka akamtazama na hakusema kitu, na huko kutosema kulimshtua Kitinda kuliko homa yenyewe... nane, tisa, midomo ya muuguzi inachezacheza anapohesabu, kijana nadhifu, kucha fupi, muda mfupi uliopita alimwekea Mama kipimo cha kusikilizia mgongoni, vuta pumzi, toa, vuta tena, akarudi mara tatu palepale upande wa kulia, chini, akasema huku kunakwaruza, kama mtu anayesugua nywele karibu na sikio, inaelekea ni nimonia, ile ya mwezi uliopita imerudi au haikuondoka, na kwa kuwa dozi alimaliza, akasema hivyo akigusa kadi kwa kidole, basi huenda vidudu hivi dawa ile haiviwezi, daktari ataangalia, picha ya kifua, dawa nyingine kali zaidi, labda kulazwa, na Mama akauliza, "Si unga lakini? Mimi nimevuta unga wa mahindi kwa pua pale mashineni miaka thelathini," muuguzi akamwambia, "Unga hauleti nimonia, mama. Vidudu ndivyo vinaleta. Unga unaviachia tu mlango wazi." Mlango wazi... kwao kikohozi kilikuwa kifaa cha mashine ya kusaga, kama mkanda, kama mafuta, kila mtu alikohoa, wateja wakikaa sana kwenye foleni nao walikohoa, na Mama alikuwa na kipimo chake, ukikohoa ukanywa maji kikatulia, huo ni unga, usimsumbue mtu, na kwa kipimo hichohicho Baba alikunywa maji msimu mzima wa mavuno, anakunywa, kinatulia, anakunywa, mpaka siku aliposhindwa kuinua hata nusu gunia, hakuna aliyekaa mbele yake na saa, hakuna aliyemhesabia, walisema kifua chake kilijaa unga, wakamzika na maelezo hayo, na Kitinda hajui kama yalikuwa kweli, hatajua tena, kumi na nne, au ni kumi na tano, kumbe naye anahesabu.

Mama akakohoa. Kikohozi kirefu, cha kumkunja, muuguzi akaweka mkono wake mgongoni mwa Mama akangoja, akampa karatasi laini ya kufutia mdomo, akaitazama karatasi kabla ya kuitupa, "Pole mama, tutaanza upya," na Mama, akitafuta hewa, "Pole zako wewe, mwanangu, unayerudia darasa kila saa," lakini sentensi hiyo ilikatika mara mbili njiani, na Kitinda alisikia mahali pote pawili ilipokatika... siku ya tatu ya dawa homa ilikuwa imeondoka kama mgeni asiyeaga, Mama akaamka kabla ya jua, akala akamaliza sahani, akaingia kufagia tumbo la mashine kwa ule ufagio mfupi, akasema dawa inamtia uchungu mdomoni, amepona, zilizobaki ziwekwe zitamfaa mwingine, kwa sauti ileile anayotumia kwa unga wa kufagia, ambao kwao hautupwi, unawekwa kando kwenye debe, siku zote kuna kuku wa mtu, na Kitinda hakubisha, aliviweka, na ukweli, huku akihisi zipu chini ya kidole gumba, ukweli ni kwamba hakutaka kubisha, foleni ilikuwa imefika barabarani, alimtaka Mama kwenye mizani, alikuwa amechoka kuwa peke yake, basi, ni hilo tu, si ubaya, mtu akimtaka mama yake karibu si ubaya, ila akisema sasa, muuguzi atauliza kwa nini, atamkaripia Mama kama mtoto, au hatamkaripia mtu, atanyamaza tu na kufuta neno kwenye kadi, na hilo ndilo gumu zaidi, na asiposema... asiposema daktari ataihukumu dawa ambayo haikupewa nafasi, atakwenda kutafuta kidudu kingine, na hicho kingine hakipo, na kifua kitaendelea kukwaruza palepale, chini, kulia.

Moja, mbili. Safari hii Mama amenyamaza mwenyewe, hakuambiwa, na kumbe bila injini pumzi ya Mama ina sauti, Kitinda hajawahi kuisikia, maisha yake yote kati yao kumekuwa na mngurumo, pale mashineni watu hawasemezani, wanaonyeshana, kiganja juu, ongeza mahindi, kiganja chini, punguza, na ile nyingine, ya hatari, ngumi imefungwa kisha vidole vinafunguka, jiwe limeingia, zima, fungua, litoe kabla halijaharibu, na ukipewa ishara hiyo huulizi jiwe limeingiaje, wala nani alipepeta vibaya, unazima kwanza, kumi na moja, kumi na mbili, aliyejificha sikuzote nyuma ya mngurumo ni mwanamke mwenye pumzi fupi, kiasi hicho tu, mtu angeweza kuibeba kwenye kiganja... kumi na nane, na kwenye goti la gauni la maua mkono wa Mama unasogea, polepole, muuguzi hauoni, macho yake yako kwenye saa, Mama naye hamtazami Kitinda, anatazama dirisha, uso wake umetulia kama wa mtu anayesubiri gunia lijae, lakini mkono umefunga ngumi, na ngumi imefunguka, kidole kimoja kimoja, ikafunga tena, ikafunguka.

Ishirini na nne. Basi na Mama pia jiwe hilo lilikuwa linamkwaruza. Kitinda anafungua zipu, taratibu, meno ya zipu yanaachana moja moja, anavitoa vidonge, pakiti yake imekunjamana pembeni kwa kukaa na funguo, anaviweka wazi juu ya mapaja yake mahali ambapo mtu akiinua macho kutoka kwenye saa hawezi kuacha kuviona, na neno la kwanza analo tayari mdomoni, ni fupi, halina uchungu aliokuwa akiuogopa, lakini hatalisema sasa, asije akaharibu hesabu, ishirini na tisa, thelathini, mkono wa Mama umelala wazi gotini, thelathini na moja, na dakika bado haijaisha.