Daktari Wangu Yuaja

Siku niliyohitimu shahada ya bayolojia, baba yangu, Mzee Mwaringa, alichinja mbuzi na kuwatangazia majirani zetu wa Ganze kwamba Kadii wake sasa ni daktari. Nilikuwa nimekaa pale pale, sahani ya pilau mapajani. Ningeweza kumwambia kwamba nilisomea viumbe, sikusomea kutibu watu. Nikaona nisimharibie sherehe. Nikala nyama yangu.

Picha yangu ya chuoni, nikiwa maabarani na koti jeupe, ikatundikwa ukutani juu ya redio.

Shahada ile, kusema kweli, haikuwa na mlango mmoja ulioandikwa "ingia hapa". Kila mtu alipenya alipopata upenyo. Kati ya wenzangu wa darasani, Whitney alipata kazi ya kupima maji kiwandani, Cliff akafundisha sekondari, na Nelly akazunguka na mkoba akiuza dawa kwenye zahanati huku akitucheka sote. Mimi nilipata kazi Dabaso, kwenye kitalu cha mikoko. Nahesabu miche, napima urefu wake, nahesabu mashimo ya kaa, tope limenifika magotini. Naipenda kazi hiyo. Lakini kila nilipokwenda nyumbani nilisugua kucha kwanza, na baba akiwaambia wageni kwamba nina wagonjwa wengi huko pwani, nilitazama pembeni.

Mwezi wa tano mwaka huu alinipigia simu. Jembe lilikuwa limemkata kidole cha mguu na kidonda hakikauki. Mzee ana kisukari, na nilijua vyema kisukari hufanya nini kwenye kidonda cha mguu. Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia aende hospitali siku hiyo hiyo. Badala yake nilimwuliza kidonda kina rangi gani, kwa sauti nzito ya kitabibu, nikamwambia aoshe kwa maji ya chumvi, nami nitakuja Jumamosi. Mungu anisamehe, niliona raha kuulizwa.

Jumamosi ile ikaangukia bamvua, bahari ikakupwa mbali, tukapanda miche kutwa. Jumamosi iliyofuata nikaahirisha tena. Karisa, ndugu yangu, alitaka kumpeleka zahanati, mzee akakataa.

"Niende kwa wageni kwani sina mtu?" alimwambia. "Daktari wangu yuaja."

Nilipofika, harufu ilinipokea kabla sijavuka kizingiti.

Tulimkimbiza hospitalini Kilifi. Daktari aliyempokea alimsikia akijisifu kwamba mwanawe ni daktari, akaniuliza, kwa heshima ya mtu na mwenzake, nahudumu hospitali gani. Baba alikuwa akinitazama kutoka kitandani, uso umejaa furaha pamoja na homa yake yote.

"Mimi si daktari," nikasema. "Napanda mikoko."

Daktari akarudisha macho kwenye karatasi zake. Baba akageukia ukuta. Jioni hiyo walimkata mguu chini ya goti.

Siku tatu hakunisemesha. Nilimlisha uji, nikambadilishia shuka, nikamwomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka sita, na aliyeitembea ni baba.

Siku ya nne alizungumza, macho yake yakiwa pale shuka lilipolala bapa.

"Hiyo miti yako ya matopeni. Ikikatwa, huchipua?"

Tangu nianze kazi hakuwa amewahi kuniuliza habari zake, wala mimi sikuwa nimempa nafasi ya kuuliza. Na jibu nililijua. Hilo ndilo nililosomea.

"Ile aina iitwayo mchu huchipua, baba," nikamwambia. "Mkoko wenyewe, ukishakatwa, hauchipui."

Akatikisa kichwa polepole, kama anavyofanya akisikia habari za shamba la mtu.

"Ungaliniambia, mwanangu," akasema.