Majaketi Kumi na Moja

Maboksi ya majaketi yalipoingizwa darasani, rafiki yangu Pilnyo alinifinya paja kwa furaha. Jaketi la idara yetu ni la bluu, mikono yake myeupe, jina la chuo limeshonwa mgongoni, na kwenye mkono wa kulia kuna mwaka ulioingia chuoni. Ukilivaa sokoni, hata muuza samaki anajua kwamba wewe ni mwanafunzi. Mwenyekiti wetu, Sokju, kijana wa mwaka wa tatu, akaanza kuita majina. Aliita mpaka boksi la mwisho likabaki tupu. Sisi wanawake wazee kumi na mmoja tulikuwa bado tumekaa.

"Na sisi je?" nikamuuliza.

"Ah, bibi!" Akacheka kwa adabu. "Tulidhani hamtayataka. Haya si mambo ya vijana? Halafu oda yenyewe ilipitia kwenye grupu la simu."

"Grupu gani?"

Hapo akaanza kuangalia viatu vyake. Kumbe magrupu yalikuwa mawili: moja la wanafunzi, na jingine la mabibi, ambalo kazi yake ilikuwa kutukumbusha tarehe za mitihani.

Naitwa Cha Okbun. Nina miaka sitini na nane, na ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Idara ya Ustawi wa Jamii. Chuo chetu ni kidogo, kiko nyuma ya mashamba ya vitunguu saumu, na wilaya yetu siku hizi haizai. Kilipokosa watoto wa kuandikisha ndipo kilipotukumbuka sisi. Mwalimu mzima alitufuata mpaka kwenye ukumbi wa wazee, akainama, akatugawia fomu. Tulijaza fomu zilezile wanazojaza wengine, tunafanya mitihani ileile, na Pilnyo, mwenye miaka sabini na miwili, mwaka jana alishika nafasi ya tatu. Ili idara isifungwe, tulifaa. Kwa jaketi, hatukufaa.

Nitasema wazi kwamba niliumia. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilipelekwa mjini, kwenye kiwanda cha nguo, nikashona sare za shule na majaketi ya vyuo kwa miaka tisa. Mshahara wangu ukasomesha kaka zangu wawili. Majina ya vyuo vikuu niliyajua kwa vidole kabla sijajua viko upande gani wa nchi. Nilishona maelfu, na hata moja sikuruhusiwa kulijaribu mwilini. Leo nimeingia chuo kwa miguu yangu mwenyewe, halafu mtoto ananiambia ni mambo ya vijana.

"Twende tukanunue kitambaa," nilimwambia Pilnyo tulipotoka nje.

"Hiyo cherehani yako bado inafanya kazi?"

"Inamshinda Sokju."

Kwa wiki tatu sebule yangu iligeuka kiwanda. Pilnyo alikata, mimi nikashona, wenzetu wakapiga pasi na kubishana kuhusu vifungo. Herufi za mgongoni niliziweka kwa mkono, moja baada ya nyingine, na sikukosea hata moja. Tulipomaliza yalikuwa majaketi kumi na moja, na mshono wake ulikuwa mzuri kuliko ule wa dukani. Sijisifu, nasema nilichokiona.

Likafika tamasha la mwezi wa tano. Siku hiyo kila idara hupiga hema uwanjani na kuuza chakula. Yetu huuza chapati za vitunguu majani na pombe ya mchele. Mwaka uliopita tulikaanga sisi tangu asubuhi, vijana wakawa wanapiga picha. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Na mwaka huu tena Sokju akatuma ujumbe kwenye grupu la mabibi: "Mabibi zetu wapendwa, unga na mafuta viko tayari. Mikono yenu haina mpinzani!"

Tulifika saa saba mchana, tumevaa majaketi yetu. Aprini kumi na moja zilikuwa zimepangwa mezani, usije ukasema hawakujua kutuhesabu. Tukazipita. Tukakaa meza ya mbele kabisa, jirani na viti vya mkuu wa chuo na wageni wake.

Sokju akaja mbio, unga umemjaa puani. "Jamani bibi, watu wamepanga foleni! Na hayo majaketi nayo... hayo si rasmi."

Nikasimama. Nikainama mpaka kiuno kikalia.

"Shikamoo, sonbe."

Kwetu sonbe ni yule aliyekutangulia kuingia chuo, hata kwa mwaka mmoja tu, na umri hauulizwi. Unamsalimia kwanza na unamheshimu. Lakini naye ana wajibu wake, na akiukwepa hana tena pa kuficha uso: mdogo wake wa chuoni akimwambia, "Sonbe, ninunulie chakula," lazima amlishe.

Sokju akafungua mdomo, "mara—", neno likamkwama. Ataanzaje kumwitikia marahaba mwanamke aliyemzidi mama yake umri?

"Bibi, usinifanyie hivyo," akanong'ona.

"Bibi yako yuko kwenu. Hapa mimi ni mwaka wa pili, wewe ni mwaka wa tatu. Au mimi si mwanafunzi? Kama si mwanafunzi sema kwa sauti, mkuu wa chuo asikie, maana mwezi ujao wakaguzi wanakuja kuhesabu vichwa vya idara."

Mkuu wa chuo akageuza shingo. Pilnyo, ambaye hajawahi kukosa nafasi ya kelele, akapiga meza kwa kiganja. "Sonbe, tununulie chakula!"

"Sonbe, tununulie chakula!" tukaitikia sote. Vijana wa idara nyingine wakacheka kwanza, kisha wakaanza kutupigia makofi. Sokju alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akatutazama mmoja mmoja, akamtazama mkuu wa chuo, akashusha pumzi.

"Haya, kaeni," akasema. "Nakaanga mimi." Akachukua aprini moja, akaifunga kinyume.

Chapati ya kwanza ilikuja nyeusi.

"Sonbe, hii ni chapati au kigae?" Pilnyo akauliza. Tuliila yote. Sijawahi kula kitu kibaya kwa raha kama ile.

Ya tatu ilikuwa na afadhali. Aliileta kwa mikono miwili, akaiweka mbele yangu. "Okbun," akasema taratibu, na hakuongeza bibi, "nitawaingiza nyote kwenye grupu."

"Leo."

"Leo hii."

Nilikuwa bado naringa na ushindi wangu msichana mmoja alipotoka nyuma ya hema, anafuta mikono kwenye suruali. Alikuwa Tungalag, mwaka wa kwanza, ametoka Mongolia. Tangu tufike nilikuwa namwona pale nyuma anaosha sahani. Akasimama mbele yangu, akainama.

"Sonbe," akasema, "ninunulie chakula."

Niligeuka nyuma kuangalia anaitwa nani. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nikajikohoza kama mgonjwa. Ndipo nikaona kwamba amevaa fulana tu.

"Jaketi lako liko wapi?"

"Mimi sikuwa kwenye grupu." Akatabasamu kidogo. "Wala lile la mabibi."

Siku ile ya maboksi alikuwa amekaa nyuma yetu, mikono mitupu kama sisi. Niliuliza "Na sisi je?", na katika hiyo "sisi" yeye hakuwemo. Wiki tatu nzima nilishona, nikahesabu kumi na moja, na wala sikumkumbuka. Aibu niliyoisikia haikutofautiana na ile niliyotaka Sokju aisikie.

Nikamsogezea sahani yangu. "Sonbe!" nikamwita Sokju. "Leta nyingine, na hii usiunguze!" Kisha nikamshika msichana bega. "Kabla hujakaa, geuka kwanza."

Sikuwa na futi ya kupimia, nikatumia kiganja, kama tulivyofanya kiwandani. Mabega yalikuwa shibiri mbili na vidole vitatu.

"Sonbe, watu wanaangalia," Tungalag akanong'ona.

"Waangalie," nikamwambia. "Nyoosha mkono."