Palipobaki Chini ya Taya

Muuza nyama alikuwa na mikono iliyosifiwa na wateja wote. Alipasua mfupa wa paja kwa pigo moja, akaangusha kipande kwenye mizani, na sindano ikasimama palepale mteja alipotaka. Mtu mmoja tu hakuwahi kuisifia mikono ile, naye ni baba mkwe wake, fundi saa mstaafu, aliyehamia chumba cha uani baada ya kufiwa na mkewe. Mzee alimpachika mkwewe jina la Shoka. Mbele yake hakulitamka hata siku moja, maana alikuwa mtu wa adabu zake, lakini kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba.

Shoka hakukasirika. Kusema kweli alimwogopa mzee yule. Alipompelekea chai aliweka kikombe mezani, akauliza hali, akaondoka kabla hajajibiwa. Miaka yote waliyokaa pamoja hawakugusana zaidi ya kupeana mkono, tena mkono wenyewe wa haraka haraka.

Mzee alikuwa na jambo moja ambalo hakuliachia siku ipite. Kila asubuhi alinyoa ndevu kwa kinyoleo chake cha zamani, chuma kizito ambacho rangi yake ya fedha ilikuwa imelika pale vidole vinaposhika, shaba ya ndani ikachungulia. Kichwa chake kilifunguka kwa kifuniko, na ndani mlikaa wembe mfupi wenye makali upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa na mgongo mnene wa bati. Kinyoleo hicho alipewa na dada yake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Nyumbani hapakuwa na mwanamume wa kumfundisha, basi dada mtu alimkalisha kigodani, akajifunza na kumfundisha hapohapo. Tangu siku ile, kila walipokutana, kabla ya salamu, dada alimpitishia kiganja shavuni. Kama pana kisiki cha ndevu, alirudishwa akanyoe upya, hata alipokuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Kisha mikono ya mzee ikaanza kutetemeka. Mikono iliyokuwa ikishika skrubu zisizoonekana kwa macho matupu sasa ilimwaga chai. Siku moja alijikata vibaya kidevuni, akakiweka kinyoleo kwenye kopo lake, akafunga kifuniko, akaacha ndevu ziote. Na kwa dada hakukanyaga tena. Leo alisingizia mafua, kesho goti, keshokutwa mvua ambayo haikuwa imenyesha.

Ndipo habari ikaja kwamba dada amelazwa, macho yamekwisha kabisa, na madaktari wamesema anayetaka kumwona asichelewe. Alikuwa akimuulizia mdogo wake kila anapoamka. Mzee alisikiliza ujumbe huo akiwa ameketi kitandani, ndevu nyeupe zimemjaa mpaka shingoni, akasema haendi.

Binti yake, mke wa Shoka, alimbembeleza mpaka akachoka. Mzee akamwambia wazi kilichomkaa moyoni. Dada yake haoni, atamjua kwa kiganja tu, na kiganja kile hakijawahi kukuta ndevu. "Afe akidhani kaletewa mtu mwingine?" alisema. Na asipodhani hivyo, basi atajua mikono imekwisha, na mzee hakutaka dada yake aondoke na wasiwasi huo.

Kinyozi wa mtaani aliitwa. Alikuja na mashine yake ya umeme, ikanguruma, ikapunguza, lakini uso ukabaki kama brashi ya viatu. Mzee alijipapasa, akamshukuru, akamuaga. Binti akajaribu kwa kile kinyoleo. Povu alilipaka vizuri, lakini alipoliona koo la baba yake limeinuliwa mbele yake, machozi yakamtoka, akakiweka chuma chini.

Shoka alikuwa mlangoni anatazama. Mpaka leo hajui nani alimsukuma ulimi. Alisema, "Baba, nijaribu mimi."

Mzee aliitazama ile mikono kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine, kama anayetazama mbwa wa watu.

"Jinyoe wewe kwanza," alisema. "Siku utakayotoka bila damu, njoo."

Basi Shoka akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na pakiti ya nyembe zenye mgongo, akijiona mjanja. Mzee alichukua moja, akaisogeza dirishani, akamrudishia. Zile ni za kukwangulia rangi kwenye vioo, alisema, na uso wa mtu si dirisha. Akafungua droo yake, akatoa kikopo cha nyembe zake halisi, kila moja imeviringwa kwenye karatasi yenye mafuta, zimelala humo miaka na miaka bila doa la kutu.

Asubuhi ya kwanza Shoka alijichinja. Hakuna neno jingine linalofaa. Alikishika kinyoleo alivyozoea kushika kisu cha kazi, akakaza ngumi, akakandamiza. Alifika bucha uso umebandikwa vipande vya karatasi ya choo, na wateja wakafurahi sana. Mmoja alimuuliza kama leo ng'ombe ndiye alikuwa na kisu. Asubuhi ya pili ikawa afadhali kidogo, ya tatu ikaharibika tena. Mzee aliketi kwenye kiti chake kando ya beseni, mikono ameibana mapajani isionekane ikicheza, na kila alipoona damu aligeuza uso dirishani. Hakusema kitu, na hilo lilimuumiza Shoka kuliko wembe.

Alikuwa karibu kukata tamaa mzee alipofungua kinywa.

"Unasukuma," alisema. "Chuma kina uzito wake. Kiachie kifanye kazi. Wewe kazi yako ni kusikiliza."

Shoka hakuelewa asikilize nini. Mzee akamwelekeza alaze kichwa cha kinyoleo shavuni bapa kabisa, kisha ashushe mkono taratibu, taratibu, mpaka makali yaiguse ngozi, na hapo akishike kwa ncha za vidole, kidogo tu kisidondoke. Avute ngozi kwa mkono wa pili. Kisha akishushe kinyoleo.

Akashusha, na akasikia. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, ya kitu kinachokatwa kwa mamia kwa wakati mmoja, ikipanda kupitia kile chuma mpaka vidoleni. Alipoinamisha mkono zaidi ya inavyotakiwa, sauti ikafa. Aliporudisha, ikarudi. Akasimama mbele ya kioo mdomo wazi, povu linamdondoka kifuani. Maisha yake yote alikuwa amekata vitu kwa nguvu, na nguvu zilimlisha yeye na watoto wake. Hakujua kwamba mtu anaweza kukata kwa kuachia. Alipitisha kidole pale palipopita wembe, akapitisha tena, akamwita mkewe aje aguse. Mkewe aligusa, akamcheka, akagusa tena. Asubuhi ile Shoka alitoka bila tone la damu, na mzee akasimama, akaenda kuchemsha maji mwenyewe.

Walifanya kazi ile uani, penye mwanga mzuri. Shoka aliosha mikono mpaka viwiko, akabadilisha wembe, akafunga kifuniko mpaka kikalia. Alimfunika mzee uso kwa taulo la moto. Alipoliondoa akakizungusha kibrashi cha sabuni mashavuni, na vidole vyake vikagusa uso wa baba mkwe wake kwa mara ya kwanza. Ngozi ilikuwa laini na legevu, na chini yake mfupa mwembamba. Yeye mifupa anaijua, lakini huu ulimshtua. Mtu huyu aliyemwogopa miaka yote alikuwa mwepesi namna hii.

Akavuta ngozi, akalaza chuma bapa, akashusha mkono. Sauti ikaanza.

Njia ya kwanza ilifunguka kutoka sikioni hadi kidevuni, na chini ya ndevu ukatokea uso ambao nyumba ile ilikuwa imeanza kuusahau. Shoka akahamia shavu la pili. Mkewe alikuwa ameketi kizingitini, kitambaa cha jikoni amekikunja na kukikunjua. Halafu mzee, bila kuambiwa, akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho, akatoa koo. Koromeo lilipanda na kushuka mara moja, kisha likatulia. Shoka aliona mshipa ukipiga chini ya ngozi, karibu na makali, na mwenye mshipa ametulia. Aliona jambo hilo ni kubwa kuliko yeye, akatamani mtu mwingine angekuwepo amkabidhi. Lakini hakuwepo mwingine. Akasikiliza chuma, akapita.

Lilibaki bonde dogo chini ya taya, upande wa kushoto, mahali ambapo ndevu huota zikielekea nyuma. Shoka akaligundua kwa kidole, akainua kinyoleo.

"Hapo acha," mzee alisema. "Hapo pameisha."

Shoka akamwambia kwa upole kwamba hapajaisha, bado pana visiki. Mzee akajibu kwamba ameunyoa uso huo tangu Shoka hajazaliwa, na anajua palipoisha na palipobaki. Shoka akashusha kinyoleo. Atafanyaje, mkwe ni mkwe. Alimfuta povu, akakausha kinyoleo, lakini roho ilimuuma kama fundi aliyezuiwa kupigilia msumari wa mwisho. Njia nzima kwenda hospitali alikuwa akiliibia jicho lile bonde, akihofu kwamba kiganja cha dada kitaangukia hapohapo na kazi yote iwe bure.

Shangazi, yule dada wa mzee, alilala kitanda cha pembeni, mdogo kuliko Shoka alivyomkumbuka, macho yake meupe yameelekea darini. Mzee alisimama kando yake, mikono ameificha nyuma. Hakusema jina wala salamu. Aliinama tu, akaleta shavu, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Mkono wa dada ukainuka kutoka kwenye shuka, ukamkuta.

Kiganja kilipita shavu la kulia, kikashuka kidevuni, kikapanda la kushoto. Kilikwenda polepole, na Shoka alikisindikiza kwa macho, jasho linamtoka. Kikashuka tayani. Kikasita. Kisha vidole viwili vikaenda moja kwa moja chini ya taya, kwenye lile bonde, bila kutafuta, kama mtu anayepapasa swichi ya taa nyumbani kwake, vikasugua vile visiki.

Bibi yule akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa pumzi tupu, lakini kilikuwa kicheko.

"Mdogo wangu," alisema. "Tangu kigodani unaparuka hapa bila kunyoa. Nilichoka kukwambia."

Mzee akaanguka kitini pembeni ya kitanda, akalia bila kujificha. Mahali Shoka alipodhani pameharibu kazi yake ndipo palipomtambulisha mzee kwa dada yake, na yeye kwa ujuzi wake wote alitaka kupafuta.

Lakini dada hakuwa amemaliza. Mkono wake ulirudi shavuni, ukapita tena, taratibu zaidi, na kicheko kikaisha usoni pake.

"Kwingine kote hukuwahi kunyoa vizuri namna hii," alisema. "Nipe mikono yako."

Mzee alimtazama binti yake, akamtazama Shoka. Kisha akaitoa mikono nyuma, akaiweka juu ya shuka, ikitetemeka ilivyotaka. Dada akaishika yote miwili. Haikutulia, naye hakujaribu kuituliza. Aliishikilia hivyohivyo, ikicheza ndani ya mikono yake.

"Ungekuja tu," alisema mwishowe. "Ungekuja hata na ndevu." Halafu akageuza uso upande ambao Shoka alikuwa amesimama, ingawa Shoka hakuwa ametoa sauti hata ndogo. "Na wewe uliyenyoa. Alikukataza hapa, siyo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kesho mnyoe na hapa."

Shoka alimtazama baba mkwe wake kusubiri kauli yake, kama alivyosubiri mambo mengi nyumbani kwake mwenyewe. Mzee alikuwa bado ameinama, mikono yake mikononi mwa dada yake. Hakugeuka. Aliinua kidevu tu, akakipinda kidogo kulia, mpaka lile bonde likapata mwanga wa dirisha.

"Paangalie vizuri, mwanangu," alisema. "Ndevu za hapo zinaota kinyume."