Ng'ombe Aliyemlipia Renae Karo

Katika mji wetu wa Vesterby, nyumba ikiungua au mtu akishindwa kulipa hospitali, hatuiti serikali. Tunamwita ng'ombe.

Kazi yake ni nyepesi. Mimi huchora uwanja wa mpira kwa chokaa, viboksi viboksi, na kila kiboksi kinauzwa. Watu wakishanunua, Dolores, ndiye ng'ombe wetu, anaachiwa humo ndani, nasi tunasimama nje ya uzio na kahawa zetu tukimngoja ajisaidie. Kiboksi atakachokichagua, mwenye nacho anachukua nusu ya pesa. Nusu nyingine ni ya mwenye shida. Nimetembea majimbo mengi ya Amerika, nimechimba viazi na kupakua mahindi, lakini sijaona benki inayotazamwa kwa hamu kama tunavyotazama mkia wa Dolores.

Mwaka ule mwenye shida alikuwa Renae Kvam. Alikuwa akiwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, akapata nafasi chuo cha uuguzi. Serikali ikamkopesha kiasi, chuo kikampa ruzuku, zikapungua dola elfu mbili. Gordon Haugen, meneja wa benki, alikuwa tayari kumkopesha hizo, mradi mama yake aweke nyumba rehani. Mama mtu, Marlys, alikuwa bado analipa mkopo wa chuo cha ususi, chuo chenyewe kilifungwa kabla hajafundishwa hata kuosha nywele.

"Lete hizo karatasi nitie sahihi," Marlys akasema. "Nyumba yenyewe inavuja."

"Mama, ukitia sahihi mimi chuoni siendi," Renae akajibu. "Bora niogeshe wazee mpaka na mimi niogeshwe."

Basi Dolores akaitwa. Alishinda mchana kutwa akila nyasi kwenye kiboksi cha mchungaji wa kanisa, watu wakimtia moyo kwa makofi, kisha akaenda akatoa jawabu kwenye kiboksi cha Gordon. Wenye pesa hata mavi huwafuata. Gordon akachukua nusu yake, na Renae akapata elfu mbili kamili. Akakabidhiwa kwa hundi ya kadibodi, kubwa kama mlango wa banda, akapigwa picha ameikumbatia, picha ikatoka gazetini. Hundi haikuingia garini. Tuliifunga juu ya paa.

Wiki iliyofuata tulikuwa mkahawani kwa Arlys Tollefson simu ya Renae ilipolia. Alikuwa Bi Pruitt wa ofisi ya misaada chuoni. Renae akaweka simu mezani ili sote tusikie habari njema.

"Hongera, mpenzi! Tumekuona gazetini. Umependeza kweli."

"Asante."

"Sasa tumekupunguzia ruzuku. Elfu mbili."

"Kwa nini?"

"Si umesaidiwa?"

"Nimesaidiwa zile zilizopungua!"

"Ndiyo, na sasa hazijapungua. Zilizopungua ni zetu."

"Na nikisaidiwa tena?"

"Tutapunguza tena, mpenzi. Msaada ni wa mwenye shida."

Renae akasimama katikati ya mkahawa. "Jamani, mmenisikia. Nawaomba, msinipe tena hata senti."

Hapo ndipo alipojiponza. Kwetu Vesterby mtu akikukaribisha kahawa, unakataa. Akikukaribisha tena, unakataa tena. Mara ya tatu unasema, "Haya, kidogo tu, usijisumbue." Anayepokea mara ya kwanza huonekana hana kwao. Kwa hiyo Renae aliposema "msinipe," mkahawa mzima ukasikia mtoto aliyelelewa akalelewa.

"Mnaona adabu hiyo?" Arlys akasema akijipangusa macho, akafungua droo ya pesa.

"Arlys, nakataa kwelikweli!"

"Najua, mwanangu, najua," akasema, akamwongezea.

Wazima moto wakakaanga chapati za maziwa, wakachangisha. Wawindaji wakachezesha bahati nasibu ya bunduki. Akina mama wa kanisa wakauza mablanketi waliyoshona wenyewe. Renae akawakataa wote, na kila alivyolia kwa kukataa ndivyo walivyozidi kutoa. Kila chama kilikuja na hundi yake ya kadibodi na mpiga picha, na kila picha ilipotoka Bi Pruitt alipiga simu kutoa hongera. Nilipita kwao jioni moja nikakuta hundi nne zimeegemea ukuta wa jikoni, paka amezaa nyuma ya ile ya wawindaji. Ruzuku ilikuwa imekwisha yote. Pengo la elfu mbili lilikuwa palepale.

"Uliwakataa mara ngapi?" Marlys akamuuliza.

"Mbili mbili, mama! Kila mmoja!"

"Basi umewaomba. Na ile karatasi ya Gordon iko pale mezani. Mimi nishatafuta kalamu."

Renae akaichukua ile kalamu, akaitia mfukoni.

Jumapili baada ya ibada tukashuka chumba cha chini cha kanisa kula. Gordon akagonga kikombe kwa kijiko. "Tumeamua Dolores aitwe tena. Renae, mwanangu, utatukubalia?"

Watu wakaziweka nyuso zao tayari kwa lile "hapana" la kwanza. Mezani kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha keki ya limau. Kipande cha mwisho kwetu hakiliwi. Kinakatwa nusu, na nusu ya nusu, mpaka kinabaki chembe ya kulishia ndege. Renae akakichukua chote, akakitia mdomoni, akasema mdomo umejaa:

"Ndiyo. Na safari hii leteni ng'ombe wawili."

Kijiko kikamtoka Gordon mkononi.

"Amesema ndiyo?" Arlys akanong'ona.

"Mara ya kwanza," mtu akamjibu.

"Wawili?" Gordon akauliza.

"Wawili. Na picha sipigwi, mashavu yananiuma."

Marlys akajifunika uso kwa kitambaa cha meza. Nilidhani analia. Nilipomsogelea nikaona mabega yanacheka.

Wiki haikwisha, barua nne zikaja kutoka kwa waliochanga, zote za upole: wamefikiria, wanaona huenda wako wenye shida zaidi, wanaomba michango yao irudi. Nikampeleka Renae chuoni kwa gari langu. Bi Pruitt akazisoma moja moja, mkono kifuani.

"Wafadhili wote! Pole, mpenzi. Basi ruzuku yako inarudi yote."

"Na zile elfu mbili?"

"Hizo zina mfuko wake, ila ni wa majanga tu. Umepatwa na janga?"

"Janga la namna gani?"

"Moto, mafuriko, msiba."

"Nimesusiwa na mji mzima."

Bi Pruitt akafikiri, akazipanga zile barua mezani. "Una barua nne," akasema. "Waliofiwa huleta moja." Akagonga muhuri.

Renae akasoma. Mkopo wa serikali anaulipa mpaka leo, kidogo kidogo, lakini nyumba ni ya Marlys, bado inavuja. Vesterby ilimnunia miaka miwili. Walimsalimu kwa habari za theluji, wakaishia hapo.

Kisha Gordon akavunjika nyonga. Nilikwenda kumtazama hospitali ya wilaya, nikamkuta anatokwa jasho, amekunja shuka kwa ngumi. Muuguzi akaingia, na alikuwa Renae.

"Bwana Gordon, nikuletee dawa ya maumivu?"

"Aa, usijisumbue, mwanangu."

"Haya," Renae akasema, akatoka.

Gordon akanitazama. Mimi nikatazama dirisha.

"Renae!" akaita. Akarudi mpaka mlangoni. "Hujaniuliza tena."

"Wagonjwa ni wengi, bwana Gordon. Nauliza mara moja."

Mzee akatazama ukuta, akatazama dari, kama anayetafuta mahali pa kuificha aibu.

"Ndiyo," akasema. "Leta mbili."